Virusi vinavyookoa mmea: Siri ya nyasi za Yellowstone

KWA mkulima wa mihogo wa Mkuranga au Kibaha, neno virusi maana yake ni hasara. Batobato hukunja majani, na michirizi ya kahawia huozesha mizizi ardhini hadi siku ya kuvuna mkulima anapogundua kuwa mihogo yake haina mnunuzi.

Ndiyo maana utafiti wa Dk Marilyn Roossinck, mtaalamu wa virusi vya mimea wa Marekani, uliwashangaza wengi ulipochapishwa katika jarida la Science mwaka 2007. Yeye na wenzake walionyesha kuwa wapo virusi ambavyo mmea ukivikosa, hufa kwenye joto kali.

Habari hiyo inaanzia katika Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, yenye chemchemi nyingi za maji moto. Kando ya chemchemi hizo huota nyasi ziitwazo kitaalamu Dichanthelium lanuginosum, katika udongo wenye joto ambalo mimea mingi haiwezi kulihimili.

Mwaka 2002, Regina Redman, Russell Rodriguez na wenzao walieleza kuwa nyasi hizo haziko peke yake. Ndani yake huishi fangasi aitwaye Curvularia protuberata. Mmea na fangasi wakiwa pamoja, walihimili udongo wenye nyuzi joto 65 za Sentigredi. Wakitenganishwa, hakuna aliyeweza kukua joto likizidi nyuzi 38.

Ilidhaniwa kuwa fumbo limekwisha. Hata hivyo, Luis Márquez, akifanya kazi na Roossinck katika taasisi ya Noble Foundation huko Oklahoma, alichunguza ndani ya fangasi mwenyewe na kukuta kuna virusi.

Kujua kuwa virusi vipo hakukutosha. Ilibidi kuthibitisha kazi yake. Watafiti walimgandisha fangasi kwenye baridi kali na kumyeyusha kwa kurudia, hadi wakampata asiye na virusi. Fangasi huyo alipowekwa kwenye nyasi, aliishi humo vizuri, lakini nyasi zilipowekwa kwenye joto kali zilikufa. Virusi viliporudishwa, uwezo wa kuhimili joto nao ulirudi.

Kwa maneno mengine, uhai wa nyasi hizo unategemea ushirika wa watatu: mmea, fangasi na virusi. Akiondoka mmoja, nyumba nzima inaanguka.

Kwa mkulima, sehemu yenye uzito zaidi ni ile iliyohusu nyanya. Watafiti walipomweka fangasi mwenye virusi kwenye miche ya nyanya, zao lisilo na undugu wa karibu na nyasi, miche hiyo ilistahimili joto la udongo kuliko isiyo naye.

Wakati joto linapozidi kupanda na mvua kutotabirika, matokeo hayo yana maana kibiashara. Kuzalisha mbegu mpya inayovumilia joto huchukua miaka mingi, wakati fangasi anaweza kupakwa kwenye mbegu iliyopo. Redman na Rodriguez walianzisha kampuni ya Adaptive Symbiotic Technologies mjini Seattle ili kutumia fangasi kusaidia mazao kustahimili ukame na joto.

Virusi vya fangasi vina faida nyingine pia. Ugonjwa wa fangasi ulioonekana New York mwaka 1904 uliangamiza mabilioni ya miti ya chestnut Marekani. Barani Ulaya, fangasi huyohuyo alipoambukizwa virusi alidhoofika, na miti mingi ikapona. Virusi hivyo vikatumika kama dawa.

Pamoja na hayo, mkulima asitarajie muujiza. Nyuzi 65 ni za udongo katika majaribio, si ahadi kwa shamba la nyanya. Fangasi anayefaa mmea mmoja anaweza asifae mwingine, na kila kiumbe kinachoingizwa shambani hupaswa kupimwa kwanza.

Wala hakuna sababu ya kuvumilia batobato. Kung'oa mihogo iliyoathirika na kupanda vipando safi kunabaki kuwa kinga ya kwanza. Funzo la Yellowstone ni kwamba kabla ya kukiita kiumbe adui, kwanza kichunguzwe kinafanya nini, na kinaishi na nani.