Jicho Moja la Jenerali

Mchoraji akipima umbo kwa penseli hufumba jicho moja. Mwenye bunduki akilenga shabaha, vilevile. Jenerali Elly Tumwine alikuwa yote mawili, na vita vya msituni Uganda vikamwondolea hiari ya kuchagua lipi alifumbe.

Jambo hili limeniganda tangu asubuhi moja niliposimama kwenye mpaka wa Petite Barrière, hapa Goma, nikitazama baiskeli za magurudumu matatu zikienda Gisenyi, Rwanda, na kurudi. Walemavu wanazungusha pedeli kwa mikono, magunia yamewafunika hadi mabegani, vijana wanasukuma kwa nyuma. Mji wetu umeona vita vya kutosha kujua kwamba si kila mguu uliokatika ulikatwa na ajali ya barabarani. Nikajiuliza: askari akishaacha kiungo vitani, nchi humfungulia mlango gani?

Tumwine alifunguliwa. Februari 6, 1981, Yoweri Museveni, rais wa baadaye wa Uganda, na wenzake, wakiwa na bunduki 27, waliingia kambi ya jeshi ya Kabamba kwa lori. Mpango ulikuwa kuwadhibiti walinzi bila kupiga risasi. Mlinzi akashtuka; Tumwine, aliyesomea sanaa Makerere, akafyatua. Ndiyo inayohesabiwa risasi ya kwanza ya vita vile vya miaka mitano. Lakini Museveni mwenyewe amesimulia kuwa mlio huo uliharibu mambo: ghala la silaha lilikuwa chini ya ardhi, waliolilinda wakajihami, na wavamizi wakaondoka na magari na silaha chache, ghala halijafunguka. Kila nikiisoma habari hii nakwama hapo. Risasi iliyomjengea jina ndiyo iliyowanyima walichokifuata. Miaka 41 aliishi nayo.

Jicho lilipotea baadaye, katika vita vilevile. Kuanzia 1984 hadi 1987 akawa mkuu wa jeshi la Museveni, kisha mbunge wa jeshi kwa miaka mingi, mwenyekiti wa mahakama kuu ya kijeshi, na mwaka 2018 waziri wa usalama. Uchoraji hakuuacha, aliendelea kuuza picha zake Kampala.

Bunge la Uganda lina viti 10 vya jeshi na vitano vya watu wenye ulemavu. Kwetu Kongo, sheria ya uchaguzi ya 2006 inamzuia askari hata kupiga kura. Hata hivyo, tangu Mei 2021, chini ya utawala wa dharura, magavana wa Kivu Kaskazini waliotumwa na Kinshasa wamekuwa majenerali. Kura hana, ila mkoa mzima amekabidhiwa.

Sauti ya Tumwine ndiyo inayonisumbua zaidi. Novemba 2020, baada ya mgombea urais Bobi Wine kukamatwa, watu waliingia mitaani. Serikali yenyewe ilihesabu vifo 54. Waziri Tumwine akasimama mbele ya waandishi akasema polisi wana haki ya kumpiga mtu risasi na kumuua akifikia kiwango fulani cha vurugu. Akauliza kama arudie. Hakuchanganyikiwa wala hakuteleza ulimi. Mwaka mmoja kabla, mbele ya kamati ya bunge, alikiri kwamba nyumba za siri za usalama zipo, akazitetea.

Nilitaka kumpenda huyu mzee. Aliyepigwa usoni, nilidhani, angeijua risasi kuliko sisi, angesitasita kuitaja. Au ndiyo sababu hakusita? Alifariki Nairobi, Agosti 2022, na swali hilo hakulijibu.

Goma ilikuwa na gavana aliyekwenda njia ya kinyume. Jenerali Peter Cirimwami alitoka vitani akakalia kiti cha mkoa, na Januari 2025 akaenda mstari wa mbele magharibi ya mji. Alijeruhiwa huko, akafa. Siku chache baadaye mji ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23.

Petite Barrière, mwenye baiskeli mmoja alikuwa amesimama kwenye mteremko, breki yake ni sandali aliyoikandamiza kwenye gurudumu. Alikuwa akimngoja kijana wa kumsukuma. Sikumuuliza miguu yake ilipotelea wapi. Wala sikumuuliza kama angependa kututawala.