Nomino Ambatani za Kinorwe: Muundo, Shadda na Mgawanyo wa Silabi

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu aliyezoea ambatani za Kiswahili, kama vile "mwanamaji" na "batamzinga", hushangaa anapokifungua kitabu cha Kinorwe kwa mara ya kwanza. Huko hukutana na maneno marefu yaliyofungamana, nomino mbili, tatu au hata zaidi zikiandikwa pasipo nafasi yoyote kati yake. Huenda akadhani kwamba huo ni mtindo tu wa maandishi. La hasha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ambatani ya Kinorwe ni neno moja masikioni kabla haijawa neno moja karatasini, na kwamba anayekipuuza kiungo baina ya vijenzi vyake hupotoka katika matamshi, katika maana na katika maandishi pia.

Kinorwe ni lugha ya tawi la kaskazini la jamii ya lugha za Kijermaniki. Kina maandishi sanifu ya aina mbili, yaani Bokmål na Nynorsk, majina yaliyowekwa rasmi mwaka 1929. Mifano yetu yote ni ya Bokmål, na matamshi tunayoyaeleza ni yale ya mashariki ya nchi, upande wa Oslo.

2. Muundo

Kanuni ya kwanza ni kwamba kiini cha ambatani hukaa mwisho. Tutazame maneno mawili: "hus", yaani nyumba, na "båt", yaani mashua. Tukisema "husbåt", tumetaja mashua ya kukaliwa kama nyumba. Tukiyageuza maneno hayo tukasema "båthus", tumetaja nyumba ya kuhifadhia mashua. Kijenzi cha mwisho ndicho kinachotawala sarufi ya neno zima. "Båt" ni ya jinsia ya kiume, basi husemwa "husbåten", yaani mashua-nyumba ile inayojulikana. "Hus" ni ya jinsia ya kati, basi husemwa "båthuset". Wingi nao huonekana mwishoni tu: "husbåter", mashua-nyumba nyingi. Kijenzi cha kwanza hakibadiliki.

Kijenzi cha kwanza si lazima kiwe nomino. Chaweza kuwa kivumishi, kama katika "Stortinget", jina la bunge la Norwe, ambalo maana yake ni "baraza kubwa". Chaweza pia kuwa kitenzi, kama katika "skrivebord", meza ya kuandikia.

Mara nyingi vijenzi hugusana moja kwa moja, lakini mara nyingine hutiwa kiungo kati yao. Viungo vya kawaida ni viwili, -s- na -e-. Katika "barnehage", yaani shule ya watoto wadogo, tunapata "barn" (mtoto), -e-, na "hage" (bustani). Katika "landsby", yaani kijiji, tunapata "land" (nchi), -s-, na "by" (mji). Yafaa ikumbukwe kwamba viungo hivi havina maana ya wingi wala ya umilikaji katika lugha ya leo. "Hestesko" ni kiatu cha farasi mmoja tu, ijapokuwa kuna -e- katikati.

Uchaguzi wa kiungo hauna kanuni moja isiyovunjika, lakini ipo mielekeo iliyo thabiti. Nomino zinazoishia kwa -het au -sjon hudai -s-, kwa mfano "frihetskamp", mapambano ya uhuru. Vilevile, kijenzi cha kwanza kikiwa chenyewe ni ambatani, mara nyingi -s- hujitokeza. Bilauri ya mvinyo ni "vinglass", bila kiungo. Lakini bilauri ya mvinyo mwekundu ni "rødvinsglass". Hapa -s- yafanya kazi ya maana: yamjulisha msikilizaji kwamba "rød" (-ekundu) na "vin" (mvinyo) ni fungu moja, na kwamba wekundu ni wa mvinyo, si wa bilauri.

3. Shadda

Kwa kawaida shadda kuu ya ambatani huangukia kijenzi cha kwanza. Kijenzi cha pili hakinyamazi, bali hubaki na shadda ndogo, na irabu yake ndefu haifupishwi. Katika "husbåt", irabu ya "hus" ni ndefu na ya "båt" ni ndefu vilevile, lakini nguvu ya sauti iko kwenye "hus".

Tofauti baina ya ambatani na kirai hudhihirika hapo. Tukisema "en stor by", yaani mji mkubwa, kivumishi na nomino kila kimoja kina shadda yake, na ile ya "by" ndiyo yenye uzito zaidi. Tukisema "en storby", yaani jiji, shadda kuu huhamia "stor", na "by" hushuka.

Zaidi ya hayo, lahaja nyingi za Kinorwe zina toni mbili za maneno. "Bønder" (wakulima) na "bønner" (maharagwe) hutamkwa kwa sauti zilezile, na toni pekee ndiyo inayoyatenganisha. Katika ambatani, toni ya neno zima hutegemea sana kijenzi cha kwanza.

Kwa sababu hiyo, kuandika ambatani mbalimbali si kosa dogo. "Kyllinglever" ni maini ya kuku. Mpishi akiandika "kylling lever" katika orodha ya vyakula, amesema kwamba kuku yu hai. "Tunfiskbiter" ni vipande vya jodari. "Tunfisk biter" ni jodari anayeuma. Mwenyeji akiyasoma maandishi hayo kwa sauti, shadda humfichulia kosa mara moja.

4. Mgawanyo wa silabi

Neno lisilo ambatani likikatwa mwishoni mwa mstari, konsonanti moja tu huvuka kwenda mstari wa pili: "kvin-ner", wanawake. Ama kuhusu ambatani, kanuni hii huishinda nguvu kanuni ya kiungo: neno hukatwa pale vijenzi vinapokutana, na kiungo hubaki na kijenzi cha kwanza. Ndiyo maana tunaandika "barne-hage" na "lands-by".

Mwenye nyumba huitwa "huseier", kutokana na "hus" na "eier" (mwenyewe). Likikatwa kwa kuhesabu konsonanti tu, tutapata "hu-seier", na "seier" ni ushindi. Mkato sahihi ni "hus-eier". Tulinganishe pia "landsby" na "landstryker", mzururaji. Yote mawili huanza kwa "lands", lakini katika la pili -s- ni sehemu ya "stryker", kwa hiyo hukatwa "land-stryker". Jicho peke yake haliwezi kuamua. Ni lazima mwandishi alijue neno.

Ushahidi mwingine ni wa konsonanti tatu zinazofanana. Kinorwe hakiziandiki pamoja: "buss" (basi) na "stopp" (kituo) hufanya "busstopp". Lakini neno likikatwa, herufi iliyoachwa hurudi: "buss-stopp". Ni kana kwamba ilikuwapo siku zote, imejificha.

5. Hitimisho

Tukirejea kwetu, twaona jambo la kutafakari. Kiswahili hutanguliza kiini, ilhali Kinorwe hukiweka mwisho. Hata hivyo, katika "mwanamaji" na katika "husbåt" shadda kuu huangukia kijenzi kinachofafanua: "maji" kwetu, "hus" kwao. Lakini kwetu shadda hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, liwe neno moja au kirai, hivyo haitusaidii kuamua kama tuunganishe au tutenge. Mnorwe ana sikio lake la kumwongoza; sisi hatuna budi kutafuta ushahidi katika upatanisho na katika umbo la wingi. Basi, anayetaka kutunga istilahi za Kiswahili kwa kuambatanisha maneno na asianze kwa kuuliza litaandikwaje. Na aanze kwa kuuliza lugha yenyewe hukionyesha wapi kiungo chake.