Kushoto Kwenda, Kushoto Kurudi

Ikikunjuliwa, karatasi hiyo inapita urefu wa meza ya kulia chakula. Ni kurasa za grafu zilizounganishwa kwa gundi, ukingo kwa ukingo, kisha zikakunjwa na kutiwa ndani ya bahasha ya kaki. Katikati yake unapita mstari mweusi wa reli kutoka Emali hadi Voi. Kandokando ya reli vimechorwa vilima, wala si zile pembetatu wanazochora watoto. Kila kilima kina umbo lake hasa: bega hapa, nundu pale, upande mmoja mteremko wa taratibu na upande wa pili genge. Vilima vingine vimechorwa mara tatu au nne mfululizo, kila umbo likitofautiana kidogo na lililolitangulia, kwa kuwa anayevitazama yumo ndani ya gari linalokwenda.

Niliiona kwenye duka la fotokopi sokoni Kalamba, kaunti ya Makueni, nilikokuwa nimekwenda kufuatilia habari za maembe. Mwenye karatasi alikuwa akimwelekeza kijana wa mashine namna ya kuipitisha kipande kwa kipande bila kukata kilele hata kimoja. Nikauliza ni ya kazi gani. "Ya safari," akajibu. Nikadhani ni safari ya wanafunzi. Kumbe ni yake peke yake, tena ya usiku mmoja: apande treni Emali, ashuke Voi, alale, kesho yake arudi.

Habari za maembe zilichapishwa zikapita. Karatasi ile haijanitoka akilini.

Mama huyu alifundisha Jiografia katika shule za upili za Ukambani hadi akastaafu. Ni mjane, watoto wake wanafanya kazi mbali, na nyumbani ana shamba la miembe. Aliniomba nisimtaje jina, na sababu yake nitaieleza. Sokoni kila mtu humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Waliofanya mtihani wa Jiografia wa KCSE watalikumbuka swali la ramani. Unalaza ukingo wa karatasi kati ya pointi mbili. Kila mstari wa kontua unapokutana na ukingo huo, unatia alama na kuandika mwinuko. Alama hizo unazihamishia kwenye grafu, unaziunganisha kwa mkono uliotulia, na kilima kinatokea kimekatwa ubavuni kama mkate. Kisha mtahini anauliza: je, aliyesimama A anaweza kumwona aliyesimama B? Unapiga mstari kwa rula kutoka A hadi B. Mstari ukigonga udongo njiani, hawaonani.

Mwalimu alilifundisha swali hilo miaka nenda miaka rudi. "Watoto walikuwa wananiuliza, Mwalimu, hii tutakuja kuitumia wapi? Nilikuwa nawaambia itakuja kwenye mtihani. Jibu lingine sikuwa nalo, na lilikuwa likiniuma."

Sasa A ni dirisha la treni. B ni kila kilele anachotaka kukiona. Amefanya kazi hiyo kwa ramani za skeli ya 1:50,000, zile ambazo kontua zake hupishana kwa mita 20, na ameifanya pointi baada ya pointi kuifuata reli. Mahali ambapo mstari wa rula ulipita hewani hadi kileleni, amechora kilima kwa wino. Ulipogonga kigongo cha karibu, ameacha nafasi tupu, na ndani ya nafasi hiyo ameandika kwa penseli jina la kigongo kinachoziba. Nilikaa muda mrefu zaidi kwenye nafasi hizo tupu kuliko kwenye michoro. Ni nani hupanga safari akaandika pia asichoweza kukiona, na sababu yake?

Kwenye grafu zake sentimita moja ya kwenda juu ni mita 50, ilhali sentimita hiyo hiyo kwa upana ni mita 500. Kwa hivyo kila mlima umerefushwa mara kumi. "Ramani hutia chumvi," akaniambia, akiupitisha ukucha wake juu ya mgongo wa milima ya Chyulu. "Usipoipunguza chumvi hiyo kichwani mapema, utafika Kibwezi ukidhani umedanganywa. Mimi nataka nikiuona mlima niutambue."

Kisha kuna suala la kiti, na hapa ndipo alipotumia akili kuliko mahali pengine. Katika daraja la kawaida la treni ya SGR, reli mpya, viti vimepangwa vikitazamana, kwa hiyo nusu ya abiria husafiri wakitazama walikotoka. Wengi hawavipendi. Mwalimu anavitaka hivyo hivyo. Anayetazama mbele, anasema, mlima humjia kisha humpita kwa ghafla, na shingo haiwezi kuufuata. Anayetazama nyuma huuona ukiwa karibu, halafu anakaa nao ukipungua polepole. Tiketi huja na nambari ya behewa na ya kiti, lakini hilo halimsumbui. "Nani atakataa nikimwambia, mwanangu, njoo ukae huku panapotazama mbele, mimi nikae hapo pako?"

Na upande? Treni ikishuka kutoka Emali huelekea kusini mashariki. Mkono wa kushoto nyuma kipo kilima cha Nzaui. Mbele kidogo, upande huo huo wa kushoto, ng'ambo ya mto Athi, ndiyo Yatta: mkondo wa lava wa urefu wa karibu kilomita 300, miongoni mwa mirefu zaidi duniani, ulionyooka juu utadhani umepigwa rula. Asubuhi jua liko upande huo, kwa hiyo Yatta itakuwa mstari mweusi tu, na Mwalimu anasema hivyo ndivyo inavyofaa kuonekana, maana haina kilele cha kuangaziwa. Kesho yake treni ikipanda kutoka Voi, kushoto kunageuka kuwa magharibi. Huko ndiko viliko vilima vya Taita, na Vuria yao ya mita 2,208, kisha Ngulia, kisha Chyulu, vyote vikipigwa na jua la asubuhi usoni. Kwenye kichwa cha karatasi ameandika kwa kalamu nyekundu: KUSHOTO KWENDA, KUSHOTO KURUDI.

Chyulu ndiyo iliyomchosha. Haina kilele kimoja cha kushika. Ni mamia ya vilima vya volkeno vilivyobanana mgongo kwa mgongo, kilicho kirefu kupita vyote kikifika mita 2,188, na kila kimoja kinamziba mwenzake kwa pembe tofauti. Alirudia kurasa zake mpaka kifutio kikatoboa karatasi. Alinieleza kuhusu Chyulu kwa sauti ya darasani, na mimi sikuona sababu ya kumkatiza: milima hiyo haina hata mto mmoja juu yake. Mvua ikinyesha hupenya kwenye mawe yenye vinyweleo na kupotea, ikapita chini ya ardhi, ikachomoza mbali huko chemchemi za Mzima, na kutoka Mzima maji huenda kwa bomba hadi Mombasa. "Abiria wote mle ndani wanakwenda kuyanywa maji ya mlima huo," alisema. "Na wote wanatazama simu."

Kilimanjaro ameuchora kwa nukta, bila wino. Hesabu inamruhusu. Kutoka Emali ni kilomita mia moja na ushei, na kwa umbali huo mviringo wa dunia unameza mita 800 hivi za sehemu ya chini, lakini mlima wa mita 5,895 unabakiwa na mwili wa kutosha kuonekana. Tatizo ni saa. Mlima ule hujifunua alfajiri, na jua likipanda hujifunika mawingu. Treni inayosimama Emali ni ile inayotoka Nairobi saa mbili asubuhi na kupita vituo vidogo, na ya kurudi humfikisha Emali karibu na adhuhuri. Hakuna treni ya abiria inayosimama hapo alfajiri. Mwalimu halalamiki. Ameweka nukta.

Tuliongea pia kuhusu safari nyingine, maana Kenya sasa ina reli za milimani za kuchagua. Tangu Oktoba 2019 kuna SGR ya kwenda Suswa, inayotoboa Ngong kwa handaki la kilomita 4.5 kabla ya kushuka Bonde la Ufa. Kuna ya Nanyuki, kwenye miguu ya Mlima Kenya. Mjukuu wake alimwonyesha kwenye simu reli ya Uswisi inayopanda hadi Jungfraujoch, mita 3,454 juu ya bahari. Aliitazama kwa heshima. Lakini milima hiyo haijui, akasema, na hana ramani zake.

Nzaui anaijua. Inaonekana kutoka mashamba mengi ya Kalamba, na Wakamba wamesimuliana tangu zamani kwamba juu ya mwamba wake ndipo Mulungu alipowaweka watu wa kwanza, na nyayo zao zimo kwenye jiwe hadi leo. Mwalimu amewahi kuipanda, amewahi kuwapeleka wanafunzi huko, na kila asubuhi huitazama akikisia mvua. Hajawahi kuiona ikipungua. Mara zote alizokwenda Mombasa alikwenda kwa basi la usiku, kwa mazishi au kwa mgonjwa, na usiku Nzaui haipo.

Hapo ndipo tulipofikia jina lake na kwa nini nisiliandike. Kwao, mtu akifunga mkoba huulizwa anakwenda kwa nani. Jibu lazima liwe na mtu ndani yake: binti aliyejifungua, shemeji aliyelazwa, harusi, matanga. Voi hana mtu. Alipowagusia watoto wake, walipendekeza kwa wema kumlipia tiketi hadi Mombasa na hoteli ya ufuoni, na binti akajitolea kumsindikiza. Akawashukuru. Hakuwaeleza kwamba kusindikizwa kungeharibu kila kitu. "Ukiwa na mtu utamtazama mtu," aliniambia. "Atataka chai. Ataniuliza kama nimechoka. Kilima kitapita." Majirani hajawaambia kabisa. Mama wa umri wake kupanda treni kwenda kuangalia vilima kisha kurudi ni jambo analoona litazungumzwa hadi kanisani, na hana nguvu za kulieleza mara mia. Mimi nikifikiria safari zote alizokwishafanya kwa ajili ya wengine, naona hii moja amekwishailipia.

Mengine ameyapanga kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuongoza wanafunzi arobaini ndani ya basi. Matatu ya kwanza hadi Emali, awe kituoni mapema. Kitambulisho mfuko wa ndani, tiketi kwa *639# na M-Pesa. Voi atafika adhuhuri, kweupe, na chumba amekwishakiuliza kwa simu: kiko mjini, kina mlango wa chuma, na mwenye nyumba ni mwanamke. Chapati, mayai ya kuchemsha, chupa ya maji. Mtu mmoja tu, dadake, anajua yote pamoja na nambari ya chumba. Alinikumbusha pia kwamba treni yake itakuwa imeanza safari Syokimau, penye jina la yule nabii wa Wakamba anayesimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini kabla reli ya kwanza haijafikiriwa. Inampendeza kwamba nyoka mwenyewe sasa anatokea kwa Syokimau kwenda baharini.

Mwezi wa kwenda ni Januari. Mvua za mwisho wa mwaka zinakuwa zimeliosha vumbi, hewa ni safi, vilima ni vya kijani. Lakini Januari ndipo maembe yanapoiva, na kiwanda cha kaunti hapo Kalamba kinachoyasaga kuwa rojo huyapokea msimu huo. Ukiliacha shamba siku mbili bila mwenyewe, wachuuzi wataingia na bei zao, na maembe yaliyoanguka hayangoji. Mwaka uliopita ilikuwa hivyo hivyo. Nilimuuliza kama mwakani atakwenda. Akaanza kuikunja karatasi.

Kabla hajaitia kwenye bahasha alinionyesha alama ya kuuliza, ndogo, kwa penseli, karibu kabisa na Emali. Ramani zake ni za kabla ya SGR. Reli mpya, iliyoanza kubeba abiria Juni 2017, ameichora mwenyewe kwa kuifuata picha za setilaiti kwenye simu, na picha za juu hazisemi kama mahali fulani reli imeinuliwa kwenye tuta au imechimbiwa mtaro. Kwenye tuta, Nzaui itaonekana kuanzia kituoni na atakaa nayo dakika kadhaa. Kwenye mtaro, ataona ukuta wa udongo mwekundu, na utakapoisha huenda Nzaui imekwisha pia. Mstari wa rula unapita juu ya alama hiyo kwa tofauti ya mita chache mno. Hawezi kuamua, na hataki kukisia.

Kama kuna msomaji anayepanda treni ya asubuhi Emali kwenda chini, na amewahi kukaa kushoto akitazama nyuma, Mwalimu anaomba kuambiwa: baada ya treni kuondoka kituoni, ni udongo au ni Nzaui?