Kicheko cha katuni huanza kwenye karatasi

MTOTO wa Ruangwa au Nachingwea akionyeshwa katuni ya fisi anayeiba korosho mbichi na kuitafuna pamoja na ganda lake, atacheka kabla fisi hajapiga yowe. Amekulia kwenye mikorosho, hivyo anajua kuwa mafuta yaliyomo kwenye ganda hilo huunguza. Mtoto wa London itabidi aelezwe, na kichekesho kinachoelezwa huwa kimekwisha kufa.

Hapo ndipo ulipo msingi wa vichekesho vingi vya katuni: mtazamaji hucheka anapojua jambo ambalo mhusika bado hajalijua.

Wengi hudhani kuwa kicheko hicho ni kazi ya mchoraji peke yake. Kwa kawaida huanza kwa mwandishi, ambaye humpa kila mhusika kasoro isiyobadilika. Fisi ni mlafi na atabaki kuwa mlafi. Kisha tukio hurudiwa: mara ya kwanza na ya pili kumzoesha mtazamaji, na ya tatu kumpa asilolitarajia.

Baada ya hapo hadithi huchorwa picha moja moja ili kupima mwendo wake. Sauti za waigizaji mara nyingi hurekodiwa kabla ya picha kuanza kutembea, kwani midomo ya wahusika ndiyo inayofuata sauti. Sekunde moja ya filamu huwa na picha 24. Fisi akiganda kwa picha 12, yaani nusu sekunde, macho yamemtoka, ndipo apige yowe, watu watacheka. Akichelewa zaidi, kichekesho hupoa.

Kanuni hizo si ngeni Kusini. Wamwera, wenyeji wa wilaya hizo mbili za Mkoa wa Lindi, wana watani wao miongoni mwa makabila jirani. Mtani hodari huijua kasoro ya mwenzake, huirudia, na huvizia wakati wake, hata msibani.

Rangi za Kusini zimekwisha kufika mbali. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 Tunduru, wilaya inayopakana na Nachingwea, alianzisha jijini Dar es Salaam mtindo wa uchoraji unaobeba jina lake, kabla ya kufariki mwaka 1972. Mtindo huo ndio uliotumika katika katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa na BBC ya Uingereza mwaka 2010. Hata hivyo, ziliandikwa kwa Kiingereza.

Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam, imethibitisha kuwa katuni ya Kiswahili yaweza kuchekesha huku ikifundisha hisabati na sayansi.

Kinachohitajika sasa ni mwandishi atakayeketi na watani wa Nachingwea na Ruangwa, daftari mkononi. Asipopatikana, mtoto wa huko ataendelea kucheka baada ya kuelezwa.