Mtandao wa Simu Unaotega Sikio

Je, wajua kwamba simu yako inaweza kushusha video kupitia masafa yaleyale ya Waifai, ilhali hujaunganishwa na Waifai ya mtu yeyote? Teknolojia hiyo inaitwa LAA, na kilichoizaa ni bei ya masafa.

Mnada wa masafa uliofungwa Marekani Januari 2015 uliingiza karibu dola bilioni 45, na kilichouzwa ni megahezi 65 tu. Wakati huohuo, kwenye gigahezi 5, zaidi ya megahezi 500 zilikuwa wazi kwa yeyote, mradi kifaa chake kisizidishe nguvu. Ruta ya nyumbani haihitaji leseni kwa sababu hiyohiyo.

Makampuni ya simu yakayatolea macho masafa hayo. Yalianza na LTE-U, iliyotafuta chaneli tupu na, ikiikosa, ikawasha na kuzima mawimbi yake kwa zamu iliyojipangia yenyewe. Watu wa Waifai wakaja juu. Nami nasema walikuwa na haki: mgeni hajipangii zamu.

LAA, iliyoingia kwenye viwango vya kimataifa vya simu (3GPP) mwaka 2016, ina adabu zaidi. Kabla ya kurusha chochote, antena yake hutega sikio. Chaneli ikiwa kimya kwa mikrosekunde kama 43, mtambo huchagua namba yoyote kwa kubahatisha na kuanza kuhesabu kurudi nyuma, kila hatua mikrosekunde 9. Ruta ya jirani ikianza kurusha, hesabu husimama. Ikinyamaza, huendelea ilipoishia. Hesabu ikifika sifuri, mtambo hurusha kwa milisekunde chache, kwa kawaida zisizozidi 10, kisha huachia chaneli na kuanza upya. Waifai nayo hufanya karibu hivyohivyo.

Simu, hata hivyo, haiachi masafa ya leseni. Maagizo muhimu ya mtandao hupita huko, na katika toleo lile la 2016 hata data unayotuma. Katika toleo hilo, masafa ya bure yaliongeza kasi ya kushusha tu. Chaneli ikijaa, video itapungua kasi lakini mawasiliano hayakatiki.

Nguvu ya kurushia kwenye masafa hayo ya bure ni ndogo, kwa hiyo mawimbi hayafiki mbali. LAA inafaa uwanja wa mpira, stesheni na maduka makubwa. Kijijini haina msaada: huko kinachotakiwa bado ni mnara wenye masafa ya chini, yaliyolipiwa leseni.