Jua, Samadi na Samaki: Msawazo wa Kikemia Bwawani

Katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, viboko hushinda bwawani mchana kutwa, na kinyesi chao huingia majini. Mfugaji wa perege wilayani Kilosa naye hutia samadi bwawani mwake. Kinyesi kikioza hutoa amonia, ambayo majini huwa na sura mbili zilizo katika msawazo:

NH₄⁺ ⇌ NH₃ + H⁺

Sura ya kushoto haina madhara makubwa; NH₃ ni sumu kali kwa samaki.

Mkemia Mfaransa Henry Le Chatelier alieleza mwaka 1884 kwamba msawazo ukibadilishiwa hali, huelekea upande unaopunguza badiliko hilo. Jua likiwaka, miani hufyonza kaboni dioksaidi. Asidi ya maji hupungua, H⁺ huondolewa, na msawazo huelekea kulia. Joto nalo husukuma upande huo huo, kwa kuwa mtengano huo hunyonya joto.

Katika nyuzi 25 za Selsiasi, NH₃ ni takriban asilimia 0.6 tu ya amonia yote pH ikiwa 7. Ikifika 9, huwa asilimia 36, ingawa samadi haikuongezwa.

Basi wanafunzi wenye bwawa la shule wapime pH alasiri pia, si asubuhi tu. Ikipanda mno, samadi isimamishwe na maji safi yaongezwe.