Kiatu Huanza Machinjioni: Washona Viatu wa Meru na Embu

Katika miji ya Meru, Chuka, Runyenjes na Embu, na katika masoko mengi yaliyo katikati, mshona viatu ni mtu anayejulikana sana. Huketi kwenye baraza ya duka au chini ya mti, na kazi yake kubwa ni kuponya viatu vilivyotengenezwa na watu wengine: kushona soli iliyoachama, kubadili kisigino, kupaka rangi. Lakini siku hizi wako pia mafundi wa namna nyingine, wengi wao vijana, ambao hawangoji kiatu kibovu kiletwe. Hao hubuni umbo la kiatu wenyewe, hukata ngozi, hushona, hutia soli, kisha huuza kwa jina lao. Kushona wanajua. Jambo linalowasumbua ni kama mtu aweza kupata riziki kwa kushona jozi moja moja, hali mbele yake sokoni limemwagwa rundo la viatu vya mitumba, vingine kwa bei isiyofikia hata gharama ya ngozi anayoihitaji.

Ufundi huu si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Mafundi wa Lamu wameshona makubadhi ya ngozi kwa mikono tangu zamani. Na magari yalipoenea bara, watu wakajifunza kukata matairi yaliyochakaa na kutengeneza akala. Akala ni kitu cha akili kuliko wengi wanavyodhani. Soli yake ni ule mgongo wa tairi uliokuwa ukikanyaga barabara, nayo haipenywi upesi na miiba ya Mbeere wala ya Tharaka. Fundi huchagua tairi iliyofumwa kwa nyuzi za nguo, kwa sababu ile yenye nyaya za chuma huharibu kisu na kuchoma mguu. Wako waliozicheka akala kuwa ni viatu vya maskini. Huko Addis Ababa, katika miaka ya 2000, mwanamke mmoja aitwaye Bethlehem Tilahun Alemu alichukua viatu vya jamii hiyo hiyo, vyenye soli ya tairi kuukuu, akavitengeneza vizuri na kuanzisha kampuni ya soleRebels, ambayo viatu vyake vimeuzwa mpaka Ulaya na Marekani.

Kiatu cha ngozi, hata hivyo, ni kazi nyingine, na taabu yake huanza mbali na meza ya fundi. Huanzia pale mnyama anapochinjwa.

Nchi za Meru na Embu zina mifugo ya kutosha. Upande wa chini, Mbeere na Tharaka, ni nchi ya mbuzi, na soko la Ishiara linajulikana kwa biashara hiyo. Upande wa juu, karibu na Mlima Kenya, watu hufuga ng'ombe wa maziwa. Ngozi basi hazikosekani, lakini ngozi nyingi huharibika kabla hazijafika popote. Mchunaji mwenye haraka hutumia kisu chenye ncha kali, akaitia ngozi mikato upande wa nyama. Mikato hiyo haionekani sana siku ile, lakini ngozi ikisha kutiwa dawa na kunyooshwa, kila mkato huwa udhaifu, na mahali pale kiatu kitapasuka. Kisu cha kuchunia yafaa kiwe na ncha ya mviringo, na sehemu kubwa ya ngozi ya mbuzi itenganishwe na nyama kwa kusukuma kwa ngumi, si kwa kukata.

Kosa la pili ni kuanika ngozi chini juani kwa vigingi. Watu hudhani kuwa jua likiwa kali kazi imekwisha upesi. Kweli huisha upesi, lakini huisha vibaya. Uso wa ngozi hukauka na kuwa mgumu hali ndani unyevu umefungwa, kwa hiyo katikati huoza. Tena joto jingi huigeuza ngozi ikawa kama gundi, nayo ilowekwapo kiwandani huyeyuka na kuacha matundu. Maofisa wa mifugo walikuwa wakilifundisha jambo hili tangu miaka ya 1950, na somo halijabadilika: ngozi ioshwe, iwambwe katika fremu ya miti, itundikwe kivulini mahali penye upepo. Kama haiwezekani kuwamba, itiwe chumvi nyingi mapema, kabla haijaanza kunuka. Wakati wa Krismasi mbuzi wengi huchinjwa nyumbani, na ngozi zao mara nyingi huachiwa mbwa.

Ngozi iliyosalimika hupelekwa kwenye viwanda vya kudabighi, yaani kuitia dawa ili isioze, katika miji kama Sagana, Thika, Nairobi na Athi River. Dawa ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kale, hutoka katika magome ya miti, na katika Kenya magome yanayojulikana zaidi ni ya miwati, mti ulioletwa kutoka Australia. Kazi yake ni ya polepole, nayo hutoa ngozi ngumu ya hudhurungi inayofaa kwa soli na mikanda. Ya pili ni chumvi ya kromu, ambayo humaliza kazi kwa muda mfupi na kuifanya ngozi iwe laini yenye rangi ya buluu. Ngozi nyingi ya Kenya inayouzwa ng'ambo huondoka ikiwa katika hali hiyo ya buluu, haijawa kitu. Serikali imetoza kodi kubwa juu ya ngozi mbichi zinazopelekwa nje, kusudi zibaki nchini zitiwe dawa, lakini kutoka buluu mpaka kiatu bado pana safari ndefu, na faida kubwa imo katika safari hiyo. Ndiyo maana fundi wa Meru huenda akapanda gari mpaka Nairobi kununua ngozi ya mbuzi ambaye pengine alichinjwa karibu na nyumbani kwake.

Hapo ndipo ustadi wake unapoanza, na yafaa mnunuzi aufahamu ili ajue anacholipia. Fundi humsimamisha mteja juu ya karatasi, si kumketisha, kwa maana mguu hupanuka unapobeba uzito. Huchora mzingo wa kila mguu mbali mbali, kwa kuwa ni watu wachache mno ambao miguu yao miwili imelingana kabisa. Halafu hupima kwa utepe unene wa mguu kwenye mzizi wa vidole, juu ya wayo na kuzunguka kisigino. Wengine hupenda kupima jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa kazi ya mchana. Kiwanda hakiwezi kufanya hivyo. Kiwanda hushona kwa namba, na kati ya namba moja na ya pili pana theluthi ya inchi. Mtu ambaye mguu wake ni mpana mbele na mwembamba nyuma, kama ilivyo kwa wengi waliokua bila viatu, hulazimika kununua kiatu kirefu kupita kiasi ili apate upana.

Vipimo hivyo hulinganishwa na kalibu, yaani umbo la mguu lililochongwa kwa mti au kusubiwa kwa plastiki. Kama mteja ana kifundo, fundi hubandika kipande cha ngozi juu ya kalibu mahali pale. Ngozi ya juu hukatwa kwa kufuata kielelezo cha karatasi. Ngozi ya mgongo hutumika mahali pa kuvutwa na kukunjwa, na ile ya tumbo, ambayo hunyumbuka ovyo, hufichwa ndani au huachwa. Vipande vikisha kushonwa, huvutwa juu ya kalibu kwa koleo, vikapigiliwa misumari midogo, na kuachwa vishike umbo. Asiye na subira hukitoa kiatu mapema, nacho kikivaliwa hulegea.

Mwisho ni soli. Viatu vingi vya siku hizi vimegundishwa tu, na gundi nzuri si haba ikiwa pande zote mbili zimekwaruzwa, zikapakwa, zikaachwa zikauke kidogo, ndipo zikabanwa. Lakini fundi wa mkono hushona pia. Hutoboa kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini, kisha hupitisha uzi uliopakwa nta kwa sindano mbili, moja kutoka kila upande wa tundu lile lile. Uzi mmoja ukikatika, wa pili hushika. Mnunuzi akitaka kujua, akikunje kiatu kwenye vidole na kutazama kama soli inaachana na ngozi, kisha atafute mshono wa kweli; viwanda vingine huchora mfano wa mshono juu ya mpira.

Kazi hiyo haiwezi kushindana na mitumba kwa bei, na fundi anayejaribu hufilisika. Walio werevu hutafuta kazi ambayo mitumba haiiwezi: kiatu cha harusi, kiatu cha mguu wenye kilema, na hasa kiatu cheusi cha shule. Mwezi wa Januari wazazi hutafuta viatu vyeusi vya kufanana, na rundo la mitumba halina vya kufanana. Wengi hupiga picha ya kazi yao kwa simu na kuwaonyesha watu walio mbali, wakapokea sehemu ya bei kwa M-Pesa kabla ya kukata ngozi. Kawaida hiyo ni ya lazima kwa mtu asiye na mtaji, kwa kuwa kiatu kilichoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja ni vigumu kumwuzia mwingine.

Gharama inayowalemea wanaoanza ni kalibu, kwa sababu kila namba na kila umbo la ncha huhitaji jozi yake. Mafundi watatu au wanne wa soko moja waweza kununua kwa shirika na kuazimana. Anayetaka kujifunza kwa utaratibu aweza kuulizia Thika, ambako kwa miaka mingi Serikali imekuwa na chuo cha kufundishia utengenezaji wa viatu, au katika vyuo vya ufundi vya kaunti yake. Na ile karatasi yenye mchoro wa mguu isitupwe. Fundi mwangalifu huiandika jina na tarehe na kuitunza katika jalada, na mteja aliyeko Maua au Siakago huagiza jozi ya pili bila kusafiri, isipokuwa mtoto, ambaye mguu wake hapana budi upimwe upya kila mwaka.